Bila Timu ya Jimbo, Timu ya Taifa Haidumu

Kriketi ni mchezo ambao haujapata makao kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Kuanzia Kalemie hadi bandari ya Moba, na kutoka bandarini kupanda hadi Kirungu kwenye nyanda za juu za Marungu, uwanja wa michezo maana yake ni uwanja wa kandanda, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haimo katika orodha ya wanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi, linalofahamika kwa kifupi kama ICC. Hata hivyo, mchezo huo umechezwa kwa zaidi ya miaka mia moja katika nchi zilizo ng'ambo ya ziwa, na historia yake huko, kwa fahari yake na kwa maanguko yake, ina fundisho linalozihusu hata nchi ambazo hazijaugusa. Fundisho lenyewe ni kwamba timu ya taifa, hata iwe na vipaji vya namna gani, haidumu pale ambapo hakuna timu za majimbo zinazoshindana mwaka hadi mwaka katika mashindano marefu, yenye kalenda inayoheshimiwa na yenye watu wanaoyaona kuwa yao.

Ili hoja hiyo ieleweke, inafaa kueleza kwanza kriketi ya daraja la kwanza ni nini. Kriketi huchezwa na timu mbili za wachezaji 11 kila moja; timu moja hupiga ikitafuta mikimbio, yaani alama zinazopatikana wapigaji wawili wanapopishana mbio kati ya ncha mbili za uwanja, au mpira unapovuka mpaka, na timu nyingine hurusha mpira na kulinda uwanja ikijaribu kuwatoa wapigaji mmoja baada ya mwingine. Vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma ya mpigaji huitwa wiketi, na jina hilohilo hutumika kuhesabu wapigaji waliotolewa. Mipira sita inayorushwa mfululizo na mrushaji mmoja huitwa ova. Upo mchezo mfupi wa ova 20 kwa kila timu, ambao humalizika kwa saa tatu hivi. Upo wa ova 50, unaochukua siku nzima. Na upo mchezo mrefu, ambao hauwekewi kikomo cha ova bali cha siku, na ambao humpa kila mchezaji nafasi ya kupiga mara mbili. Mwaka 1947 chombo kilichotangulia ICC ya leo kiliamua kwamba mechi ya daraja la kwanza ni ile ya siku tatu au zaidi, kati ya timu mbili za wachezaji 11, iliyotambuliwa rasmi kuwa na hadhi hiyo. Juu yake kuna kiwango kimoja tu, cha mechi za Test, ambazo huchezwa kati ya mataifa, kwa kawaida kwa siku tano, na ambazo mpaka sasa mataifa 12 pekee yamepewa haki ya kuzicheza.

Karibu kila mahali ambapo kriketi imeota, daraja la kwanza limejengwa juu ya timu za kanda, wala si juu ya klabu za mjini peke yake. Uingereza ilirasimisha mashindano ya kaunti zake mwaka 1890. Afrika Kusini ilianza Kombe la Currie kati ya majimbo yake msimu wa 1889–90. Australia ilianza mashindano ya majimbo yake msimu wa 1892–93. Na India ilianzisha Kombe la Ranji msimu wa 1934–35. Katika nchi hizo zote mtoto anayejifunza kupiga mpira kijijini huiona ngazi iliyo wazi mbele yake, kutoka shule hadi wilaya, kutoka wilaya hadi jimbo, na kutoka jimbo hadi taifa, na katika ngazi hiyo kipande kinachobeba uzito mkubwa ni jimbo, kwa kuwa ndiko wateuzi wa taifa wanakotazama na ndiko mchezaji anakojifunza yale ambayo mechi fupi haiwezi kumfundisha. Mpigaji anayetakiwa kusimama uwanjani kutwa nzima hujifunza subira, na mrushaji anayelazimika kurudi siku ya tatu, wakati ardhi imepasuka na mwili umechoka, hujifunza kufikiri. Nahodha naye hujifunza kupanga mambo kwa siku nne badala ya saa tatu.

Mfano unaolieleza jambo hili vizuri zaidi unatoka katika kona ya India ambayo Afrika Mashariki inaijua kwa jina la watu wake kuliko kwa jina la timu yake. Saurashtra, ambayo zamani iliitwa Kathiawar, ni rasi iliyo magharibi mwa jimbo la Gujarat, na kaskazini yake kuna nchi kame ya Kutch. Huko ndiko zilikotoka familia nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi walioweka maduka Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na baadaye wakasonga bara hadi Ujiji, Kigoma na Bujumbura. Taria Topan, tajiri mkubwa wa Zanzibar katika karne ya 19, alizaliwa Kutch, na mtaji wake ndio uliogharimia safari za Tippu Tip, yaani misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyoacha majeraha makubwa katika nchi zilizo pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo uhusiano kati ya Kathiawar na nchi za ziwa ni wa zamani kuliko reli na kuliko mipaka ya wakoloni, na wajukuu wa watu hao ndio waliokuja kuwa uti wa mgongo wa kriketi ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Kanda hiyohiyo ina timu yake katika kriketi ya daraja la kwanza ya India. Timu ya Saurashtra, yenye makao yake Rajkot, huwakilisha Saurashtra na Kutch, na inashindana katika Kombe la Ranji dhidi ya miji yenye nguvu kama Mumbai, ambayo imelitwaa kombe hilo zaidi ya mara 40. Ingawa timu ya Nawanagar, moja ya falme ndogo za rasi hiyo, ilikuwa imelichukua kombe msimu wa 1936–37, Saurashtra yenyewe ilishindana chini ya jina hilo tangu msimu wa 1950–51 bila kulitwaa hata mara moja, na katika miaka ya karibuni ilifika fainali na kushindwa msimu wa 2012–13, wa 2015–16 na wa 2018–19. Mwezi wa Machi 2020, nyumbani Rajkot, ilikutana na Bengal katika fainali ya siku tano. Saurashtra ilipiga mikimbio 425, Bengal ikajibu kwa 381, na kwa kuwa mechi ilimalizika bila zamu za pili kutoa mshindi, tofauti hiyo ya mikimbio 44 ndiyo iliyoamua kombe liende wapi. Nahodha Jaydev Unadkat, mzaliwa wa mji wa bandari wa Porbandar, aliangusha wiketi 67 msimu huo, idadi ambayo hakuna mrushaji wa kasi aliyekuwa ameifikia katika msimu mmoja wa kombe hilo. Saurashtra ilisubiri karibu miaka 70, na katika muda wote huo, ikishinda au ikishindwa, iliendelea kucheza kila msimu. Humo ndimo walimokua Cheteshwar Pujara wa Rajkot na Ravindra Jadeja wa Jamnagar, wawili kati ya nguzo za timu ya taifa ya India katika kizazi chao. Taifa lililowapata watu hao lilikuwa linakula matunda ya timu ya kanda ambayo kwa miongo mingi haikuwa na kombe la kuonyesha.

Afrika Mashariki iliupokea mchezo huohuo, kwa sehemu kubwa kutoka kwa watu wa asili hiyohiyo, lakini haikuujengea nyumba ya namna hiyo. Waingereza waliuleta pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na kuanzia mwaka 1910 huko Kenya kulikuwa na mechi za siku tatu kati ya maofisa wa serikali na walowezi. Kisha, kuanzia mwaka 1933, kukawa na mechi kati ya Wazungu na Waasia. Mgawanyo huo unaonyesha msingi uliowekwa: timu ziliundwa kwa kufuata rangi, dini na jumuiya. Wazungu walikuwa na klabu zao, Waismaili zao, Waislamu wengine zao, Masingasinga na Wahindu zao, na Mwafrika, ambaye nchi ilikuwa yake, kwa muda mrefu aliingia uwanjani kama mtunza nyasi au mwokota mipira. Klabu za aina hiyo zilikuwa na faida, kwa kuwa zilijenga viwanja na kuwalisha wachezaji kwa fedha za wafanyabiashara. Ila klabu ya jumuiya humkusanya mtu kwa nasaba yake, ilhali timu ya kanda humkusanya kwa mahali anapoishi, na ni mahali peke yake panapoweza kuwakusanya watu wote wanaopakaa.

Juu ya klabu hizo likawekwa paa moja kubwa, yaani timu ya Afrika Mashariki. Timu hiyo, iliyowaunganisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikuwa mwanachama mshiriki wa ICC kuanzia mwaka 1966, na mwaka 1967 iliikaribisha India mjini Kampala katika mechi ya daraja la kwanza. Katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, lililochezwa Uingereza mwezi wa Juni 1975, ilikuwa miongoni mwa timu nane zilizoshiriki. Nahodha wake alikuwa Harilal Shah, na kikosini alikuwamo Mganda John Nagenda, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwandishi na mshauri wa serikali. Matokeo yalikuwa mazito: Glenn Turner wa New Zealand alipiga mikimbio 171 bila kutolewa, peke yake akizidi mikimbio 128 ya timu nzima ya Afrika Mashariki, India ilifikia lengo lake bila kupoteza wiketi hata moja, na Uingereza iliwatoa wapigaji wote kwa mikimbio 94. Baada ya mashindano, timu ilicheza mechi ya daraja la kwanza na Sri Lanka mjini Taunton, kisha ikarudi nyumbani.

Kushindwa kwenyewe hakukuwa aibu, kwa kuwa kila taifa huanza kwa kushindwa. Sri Lanka nayo ilipoteza mechi zake zote tatu katika mashindano yaleyale, na bado ilipewa hadhi ya Test mwaka 1981 na kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1996. Tatizo la Afrika Mashariki ni kwamba wachezaji waliporudi hawakuwa na mashindano ya kanda ya kuwapokea. Mechi za nchi nne zilizounda timu hiyo zilichezwa siku chache kwa mwaka, na baada ya hapo kila mmoja alirudi kwenye klabu yake ya mwisho wa wiki. Zaidi ya hayo, amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ya kuwafukuza Waasia ilikuwa imeinyang'anya Uganda wachezaji, wafadhili na walimu wake katika muda wa miezi mitatu. Mwaka 1981 Kenya ilijitoa na kuwa mwanachama kwa jina lake, na mwaka 1989 mahali pa Afrika Mashariki pakachukuliwa na timu ya Afrika Mashariki na Kati, nayo ikavunjika mwanzoni mwa karne hii kila nchi ilipofuata njia yake. Timu hiyo ilijengwa kuanzia juu kwenda chini, na nguzo zilipoondoka hapakuwa na ukuta uliobaki kuishikilia.

Kisa cha Kenya ndicho kinachofundisha kuliko vyote, kwa kuwa Kenya ilipata karibu kila kitu ambacho taifa dogo linaweza kukitamani. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, timu iliyoongozwa na Maurice Odumbe ilipiga mikimbio 166 pekee na bado ikawashinda West Indies, waliotolewa wote kwa 93. Mwaka 2003, chini ya nahodha Steve Tikolo na kocha Sandeep Patil wa India, ikawashinda Sri Lanka jijini Nairobi, siku ambayo Collins Obuya aliangusha wiketi tano, kisha ikawashinda Bangladesh na Zimbabwe na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, jambo ambalo hakuna taifa jingine lisilo na hadhi ya Test lililowahi kulifanya. Ni kweli kwamba New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama na Kenya ikapewa alama za bure, lakini ushindi dhidi ya Sri Lanka ulipatikana uwanjani, na wengi wa wachezaji walioupata walikuwa vijana wa Kiafrika waliokua karibu na klabu za Nairobi, wengi wao ndugu wa damu, watoto wa familia zilizoishi jirani na viwanja vya Waasia.

Katika miaka hiyohiyo Kenya ilikuwa inaomba hadhi ya Test. Maombi yake yalikuwa na haki kwa upande wa ushindi, ila yalikuwa na pengo kwa upande wa msingi, kwa kuwa nchi haikuwa na mashindano ya ndani ya daraja la kwanza. Kulikuwa na ligi ya klabu za Nairobi, na Mombasa ilikuwa na uwanja wake na historia yake, lakini hapakuwa na timu ya Pwani, ya Bonde la Ufa au ya Nyanza iliyokutana na timu ya Nairobi kwa siku nne, mara kadhaa kwa mwaka, ili kumpa mteuzi mtu wa kumwangalia nje ya mji mkuu. Dawa iliyotafutwa ilikuwa ya kukopa: mwanzoni mwa mwaka 2004 Kenya ilipelekwa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki na kushiriki kama timu mgeni katika mashindano ya kanda ya West Indies, Kombe la Carib Beer, pamoja na Guyana, Barbados, Jamaica na visiwa vingine. Kwa msimu mmoja taifa zima la Kenya lilichukua nafasi ya kanda moja katika mashindano ya ndani ya watu wengine, na jambo hilo linaeleza upungufu wake kuliko ripoti yoyote ya tume. Msimu uliisha, wageni wakarudi, na mashindano yaliyowalea yakabaki Karibiani.

Yaliyofuata yanajulikana. Kulikuwa na mgomo wa wachezaji, Odumbe akafungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa uhusiano na mcheza kamari, chama cha kriketi kikavunjwa na kingine kikaundwa mwaka 2005, na kizazi cha Tikolo kikazeeka bila warithi wa kutosha. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2011 Kenya ilishindwa mechi zake zote sita, ikiwemo ile ya Chennai ambapo New Zealand iliwatoa wote kwa mikimbio 69, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50. Wengi huulaumu uongozi, na uongozi ulistahili lawama. Lakini kila nchi hupata viongozi wabaya wakati fulani, na nchi zenye timu za majimbo huwavuka kwa sababu mchezo una maisha mengine mbali na ofisi za mji mkuu. Ukweli huu unaonekana zaidi Kenya inapolinganishwa na wapinzani wake wa zamani. Bangladesh, iliyokuwa ikishindana na Kenya bega kwa bega, ilianzisha ligi ya taifa ya timu za mikoa yake, zikiwemo Dhaka, Chittagong, Rajshahi na Khulna, msimu wa 1999–2000, ikapewa hadhi ya Test mwaka 2000, na ingawa ilisubiri hadi mwaka 2005 kushinda mechi yake ya kwanza ya Test, haikuanguka. Ireland, iliyoishinda Kenya katika fainali ya Kombe la Mabara la ICC mjini Windhoek mwaka 2005, ilianzisha mashindano ya majimbo yake mwaka 2013, na mwaka 2017 ikapewa hadhi ya Test siku moja na Afghanistan, ambayo nayo ilikuwa imeanzisha mashindano ya siku nne kati ya kanda zake. Nchi zote tatu zilitanguliwa na Kenya kwa mafanikio uwanjani, na zote tatu zimepita mlango ambao Kenya ilibaki ikiubisha.

Kenya na Uganda zilijaribu kuliziba pengo hilo mwaka 2011, zilipounda ligi ya pamoja yenye timu zilizopewa majina ya kanda, miongoni mwao Coast Pekee, Rift Valley Rhinos na Nairobi Buffaloes kwa upande wa Kenya, na Nile Knights na Rwenzori Warriors kwa upande wa Uganda. Lilikuwa wazo jema, lakini mechi zake zilikuwa fupi, na timu zenyewe zilikuwa na majina ya kanda bila kuwa na kanda nyuma yake: hazikutokana na ligi za wilaya, hazikuwa na watu wa nyumbani walioziona kuwa zao, na fedha zake zilitoka juu. Baada ya misimu michache mashindano hayo yalikoma. Jina la jimbo kwenye jezi halitoshi. Timu huwa ya jimbo pale watu wa jimbo wanapokuwa na sauti katika kuiunda na uchungu inaposhindwa.

Kusini mwa Kongo kuna mfano unaotia moyo zaidi. Kombe la Logan la Zimbabwe lilianza kushindaniwa msimu wa 1903–04, wakati wa ukoloni, na likapata hadhi ya daraja la kwanza msimu wa 1993–94, muda mfupi baada ya nchi kuingia katika Test. Mwaka 2009, baada ya miaka ya mgogoro mkubwa wa siasa na uchumi, Zimbabwe ilipanga upya mashindano hayo kwa timu tano za kanda, zenye makao Harare, Bulawayo, Mutare, Kwekwe na Masvingo. Timu ya Masvingo, Southern Rocks, ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Iliwahi hata kuondolewa katika mashindano kwa muda, kisha ikarudishwa. Msimu wa 2020–21 Southern Rocks ikalitwaa Kombe la Logan kwa mara ya kwanza. Mji huo, ulio karibu na magofu ya Zimbabwe Kuu na mbali na starehe za Harare, ulionyesha kwamba kanda iliyo pembezoni haihitaji huruma bali inahitaji kubakizwa kwenye kalenda hadi wakati wake ufike.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii linastahili kujibiwa kwa uaminifu. Inasemwa kwamba mchezo wa siku nne ni anasa ya nchi tajiri, kwamba dunia imehamia kwenye ova 20, na kwamba Uganda na Rwanda zimepanda bila daraja la kwanza. Ni kweli kwamba Uganda iliishinda Zimbabwe mwezi wa Novemba 2023 na kufuzu kwa Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, ambako iliishinda Papua New Guinea nchini Guyana, siku ambayo Frank Nsubuga, akiwa na umri wa miaka 43, aliruhusu mikimbio minne tu katika ova zake nne. Ni kweli pia kwamba Rwanda, nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji kama Kongo na ambayo chama chake cha kriketi kilianzishwa mwaka 1999 na watu waliorudi kutoka uhamishoni katika nchi jirani, ilijenga uwanja wa Gahanga uliofunguliwa mwaka 2017, na kwamba wasichana wake wa chini ya miaka 19 waliwashinda Zimbabwe na West Indies katika Kombe la Dunia la mwaka 2023.

Lakini mafanikio hayo, yakichunguzwa, yanaiunga mkono hoja badala ya kuivunja. Uganda ilifufuka kwa sababu shule zake, kama Busoga College Mwiri na King's College Budo, ziliubeba mchezo baada ya Waasia kufukuzwa, na shule hizo zilifanya sehemu ya kazi ambayo kwingine hufanywa na kanda: zilimfunga kijana na mahali, zikampa mpinzani wa kudumu na mwaka wa kusubiriwa. Na mipaka ya njia hiyo ilionekana siku chache baada ya ushindi wa Guyana, kwenye uwanja uleule, pale West Indies walipowatoa Waganda wote kwa mikimbio 39, kwa kuwa dhidi ya warushaji waliolelewa na mashindano ya kanda kwa miongo mingi, ujasiri peke yake hautoshi. Mchezo mfupi unaweza kufungua mlango kwa taifa dogo, ila kulikalisha ndani ni kazi ya mchezo mrefu na wa mahali pengi.

Hapo ndipo kisa cha kriketi kinapoihusu Kongo, na hasa jimbo la Tanganyika. Kandanda ya Kongo ilipandwa na wamisionari: huko Kinshasa padri Raphaël de la Kéthulle, ambaye jina lake limebaki kwenye uwanja wa Tata Raphaël, na huko Lubumbashi Wabenediktini walioanzisha mwaka 1939 klabu ambayo leo ni TP Mazembe. Kirungu nayo ni mji wa misheni, uliojengwa na Mapadri Weupe tangu mwaka 1893 kwa jina la Baudouinville, na watoto wake wameucheza mpira kwa vizazi. Timu ya taifa ililitwaa Kombe la Afrika mwaka 1968 na mwaka 1974, lakini baada ya hapo haijalitwaa tena, na kwa sehemu kubwa vipaji vyake vimetafutwa mahali pawili, yaani katika klabu kubwa za Kinshasa na Lubumbashi na katika watoto wa Kikongo waliozaliwa au kulelewa Ulaya. Wachezaji hao wa ughaibuni ni Wakongo kamili na heshima wanayoiletea nchi ni ya kweli. Hata hivyo, taifa linalotegemea miji miwili na shule za mpira za Ufaransa na Ubelgiji linajenga kama Kenya ilivyojenga, kuanzia juu, na kijana wa Moba au Kongolo mwenye kipaji hana ngazi ya kupandia ila kuhama.

Jimbo la Tanganyika lilipoundwa mwaka 2015 kwa kugawanywa kwa Katanga ya zamani, lilipewa serikali, bunge na maeneo sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Kinachofaa kuongezwa ni timu ya jimbo yenye maana, inayotokana na mashindano ya maeneo hayo sita na kukutana kila mwaka, kwa tarehe zilizotangazwa mapema, na timu za Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Kivu ya Kusini na Maniema. Ligi za miji zinazoitwa entente zipo tayari, na zinaweza kuwa ngazi ya chini ya jengo hilo. Vikwazo si vidogo, kwa kuwa barabara ni mbovu, reli ya Kalemie hadi Kabalo haiaminiki, na vita vimewahamisha watu wengi. Lakini ziwa ni njia kati ya Kalemie na Moba, na mashindano yanaweza kuanza na maeneo mawili kabla ya kufikia sita. La lazima ni kwamba yakianza yasikatizwe, hata mwaka ambao fedha ni chache na hata mwaka ambao timu ya jimbo inafungwa na kila mpinzani.

Wajibu huo hauwezi kuachiwa shirikisho la taifa lililoko Kinshasa peke yake, wala mfadhili mmoja anayetafuta kura. Serikali ya jimbo ina wajibu wa kuulinda uwanja wa kila eneo usigeuzwe viwanja vya nyumba. Dayosisi ya Kalemie-Kirungu na shule zake, ambazo zina viwanja na walimu, zinaweza kulea ligi za vijana wa kiume na wa kike. Wafanyabiashara wa bandarini wanaweza kugharimia safari badala ya zawadi za siku moja. Na ikiwa siku moja vijana wa ukanda huu watataka kujifunza kriketi kutoka kwa jirani zao wa Kigoma au Kigali, watakuta jengo lipo na watauingiza mchezo mpya katika maeneo sita kwa mpigo, badala ya kuufungia katika klabu moja ya mjini. Saurashtra ilicheza karibu miaka 70 kabla ya kombe lake, na Kenya ilifika nusu fainali ya dunia bila hata msimu mmoja wa majimbo. Wanaotaka Kongo idumu katika mchezo wowote wanalo la kuchagua kati ya njia hizo mbili, na kwa Tanganyika uchaguzi huo unaanza na kalenda ya msimu ujao, iliyoandikwa, kutiwa saini na kutekelezwa.